Tulifika ufukweni, tukakuta bahari imeondoka

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4. Tunaishi na mama mkwe, ambaye kwao ni Ujiji, na mume wangu naye kakulia hukohuko, Ziwa Tanganyika likiwa hatua chache kutoka mlangoni. Nakutajia hilo mapema kwa sababu ndilo lililonimaliza.

Disemba iliyopita ilifika zamu yangu ya mchezo. Nikasema safari hii sinunui kabati wala mabati, nataka wanangu waione bahari. Wiki mbili nzima nilikaa na simu natafuta ufukwe tulivu kisiwani, usio na fujo, ambao mtoto atacheza majini na bibi yake atakaa kivulini bila kulazimika kuinamisha macho. Nikaangukia Jambiani, Unguja. Picha zake unazijua: maji ya buluu, ngalawa moja, mnazi umeinama. Nikalipia siku mbili.

Tukapanda treni hadi Dar, tukalala kwa wifi yangu, asubuhi tukawahi boti ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amefunga. Ana kawaida ya kufunga zile siku tatu za katikati ya mwezi, na siku ile ilikuwa ya mwisho. Nilimwambia safarini mtu ana ruhusa ya kula, akasema ruhusa si amri. Katikati ya bahari mdogo alinitapikia kwenye kanga, sikujali. Tukakodi gari bandarini, na kwenye saa tano hivi tukawa tumefika. Watoto wakashuka mbio, wakapita katikati ya minazi, halafu wakasimama wima.

Mama Mkubwa, bahari haikuwepo. Kulikuwa na mchanga, kisha kitu cha kijivu kama tope, kisha vijiti vimechomekwa kwa mistari, na mbali kabisa wanawake wameinama, wadogo kama punje za mchele. Maji yalikuwa uzi mweupe kule mwisho wa macho. Mdogo akaniuliza, "Mama, hata huku wamekata maji?"

Mume wangu hakucheka. "Umetuvusha bahari kutuleta kuangalia matope? Kwetu ziwa halijawahi kuhama." Mkubwa akaona isiwe tabu, akakimbilia kulekule kwenye maji, akakanyaga mdudu wa miiba na kurudi analia, mguu mmoja juu. Saa nane mchana mume akapakia mizigo, tukarudi mjini. Pesa ya siku ya pili hatukurudishiwa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulipofika Forodhani, saa kumi kasoro, tulikuta maji yamejaa mpaka ukutani na vijana wanajirusha vichwa chini, miguu juu. Mume akanitazama: "Kumbe bahari iko huku."

Tangu siku hiyo jina langu ni Mama Matope. Ni utani, lakini anautoa hata mbele ya kaka zake, na kila nikipendekeza jambo la nyumbani, hata kubadilisha duka la unga, nakumbushwa matope.

Sasa juzi tunachambua mchele, mama mkwe akasema hivihivi bila kuulizwa: "Nataka kurudi kule. Maji hayapotei. Nataka nikayaone yakirudi." Tena anataka naye aingie. Mume amekubali Disemba hii twende, ila kwa sharti kwamba iwe Nungwi, ambako rafiki yake kazini kamwambia maji hayaondoki. Mimi nasikia huko kuna muziki hadi usiku na wageni wanatembea nusu uchi. Mama mkwe ni mtu wa stara. Sitaki kumwaibisha, na sitaki kuharibu tena.

Nilikosea wapi? Twende wapi? Na mama huyu wa miaka 66 aingie baharini na vazi gani?

Mama Matope, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pale kwa mtoto na maji kukatwa nimecheka hadi nikaweka miwani chini, nisamehe. Mimi nimekulia pwani hiyohiyo ya mashariki, na barua kama yako si ya kwanza. Ila yako ina jambo ambalo nyingine hazina: umeniandikia jibu humohumo ndani bila kujua.

Soma tena mstari wa mama mkwe na funga yake. Siku tatu za katikati ya mwezi ni tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, ayyamul-bidh, zile zinazoitwa siku nyeupe kwa sababu usiku wake mwezi umejaa. Wewe ulifika siku ya mwisho, yaani tarehe 15, mwezi mpevu. Kwetu hiyo ni siku ya bamvu. Mwezi unapokuwa mpevu, na vilevile unapoandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja. Maji hujaa sana kuliko siku nyingine, na hupwa sana kuliko siku nyingine. Na upande wetu huu wa Unguja bamvu lina saa zake: hupwa kwenye saa nne asubuhi, hujaa kwenye saa kumi alasiri. Mlifika saa tano. Maji ndiyo kwanza yalikuwa yamegeuka kuja.

Yale maji uliyoyaona Forodhani saa kumi kasoro, vijana wanajirusha, muda uleule yalikuwa yamefika Jambiani pia, mbele ya chumba mlichokilipia na kukiacha. Gari lenu lilipishana nayo njiani.

Kwa hiyo ulikosea wapi? Mahali ulichagua vizuri. Ulichokosa ni tarehe, na hilo kosa wanalifanya watu wenye digrii zao na wageni waliolipa mara kumi ya ulicholipa wewe. Picha ya mtandaoni hupigwa maji yakiwa yamejaa. Hakuna mwenye nyumba ya wageni anayepiga picha saa nne asubuhi siku ya bamvu.

Sasa hili la Jambiani na Nungwi, maana mume wako naye hajasema uongo. Chukua sinia, tia maji, halafu chukua sufuria, nayo itie maji. Kila kimoja toa vikombe viwili. Sinia limebaki kavu, sufuria bado ina maji. Jambiani, Paje, Bwejuu, pwani yote hiyo ni sinia. Kuna mwamba kule nje unapovunjikia mawimbi, na kati ya mwamba na nchi kavu chini ni tambarare, kwa hiyo maji yakishuka mita 3, kilomita nzima inabaki wazi. Nungwi na Kendwa ni sufuria: chini kunainama upesi, maji yanashuka vilevile lakini hayendi mbali, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Na kwao Ujiji ziwa linavutwa na mwezi kama bahari, ila ni dogo mno kwa mvuto huo kuonekana kwa macho. Hilo la "ziwa halijawahi kuhama" lakini mwambie aliangalie upya. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda mpaka likaingia majumbani kandokando ya Bujumbura. Ziwa huhama kwa miaka, bahari yetu inahama kwa saa, na angalau bahari inatoa ratiba.

Basi kwa nini nisikwambie uende Nungwi yaishe? Kwa sababu ya hayo mambo yako mengine. Sinia ndilo zuri kwa mtoto wa miaka 4. Mawimbi yameshapigwa na mwamba kule nje, yanayofika ni maji ya vuguvugu ya magotini, mtoto anakaa ndani kama kwenye beseni. Nungwi ni kuzuri, sikutukani, ila hoteli zimebanana, mashua za mizunguko zinaingia na kutoka palepale watu wanapoogelea, na usiku muziki upo. Halafu kuna jambo la kuchekesha ambalo mume wako hakulijua: Kendwa, pua na mdomo na Nungwi, hupigwa sherehe ya mwezi mpevu, ngoma hadi alfajiri, Jumamosi ya karibu na mwezi kujaa. Yaani palepale kwenye siku za funga ya mama yake. Mzee wa watu anaamka kula daku, jirani ndiyo kwanza wanaagiza.

Kwa hiyo rudini Jambiani. Ila safari hii mtahesabu kama wavuvi wanavyohesabu, kwa mwezi wa angani, wala si kwa Disemba na Januari.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila siku maji huchelewa kwa dakika kama 50 kuliko jana. Ukiondoka kwenye bamvu, siku baada ya siku maji kujaa kunasogea na nguvu inapungua, mpaka mwezi ukiwa nusu yanakuwa maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana. Nyinyi lengeni siku zinazofuata hapo. Shikeni tarehe 10 hadi 13 za mwezi wa Kiislamu, au 25 hadi 28, mtakayoipata ndani ya likizo ya shule. Tarehe 10 maji hujaa karibu saa sita hivi mchana, ya 11 kwenye saa saba kasoro, ya 12 kwenye saa saba na nusu, ya 13 saa nane na kitu. Watoto wataogelea mchana wao wote na kulala usiku bila kubembelezwa. Kuandama kwa mwezi kunaweza kupishana siku moja, kwa hiyo kabla ya kulipa mpigie mwenye nyumba umuulize saa za maji kujaa siku hizo. Wengi wanabandika jedwali ukutani, na kwenye simu pia lipo. Akikujibu "maji yapo muda wote, dada", tafuta nyumba nyingine.

Tarehe zikiwezekana kabla ya Krismasi, bora. Baada ya hapo bei zinapanda na hata Jambiani inakuwa na kelele.

Na usikudharau huko kupwa. Hili ndilo ninalotaka ulisikie zaidi, kwa sababu hata siku za maji mafu bahari itaondoka kidogo jioni, na nisingependa uanze kutetemeka. Lile mlilokimbia ndilo watoto wa kwetu walilolelewa nalo. Tulipokuwa wadogo hakuna aliyetufundisha kuogelea kwanza. Tulianza kwa kutembea juu ya sakafu ya bahari. Mpeleke mkubwa wako hapo jua likiwa limelegea, mwambie atembee taratibu, asimame kwenye kidimbwi na asiseme neno. Vitu vinaanza kutoka vyenyewe. Kaa mdogo anakimbia kiubavu, akaona kivuli, akajizika mpaka yakabaki macho mawili kama vichwa vya pini. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mwekundu, amekaa utadhani kasahauliwa na mtu. Aangaliwe alipo, asitolewe majini kupigiwa picha, maana anakufa. Jongoo bahari amelala kama soksi iliyolowa. Atakutana na kina mama wanaochokoa pweza kwa chuma, wanamwona pweza pale ambapo wewe unaona jiwe tu.

Vile vijiti kwa mistari, mwanangu, ni mashamba. Ni mwani. Kilimo hicho kilianza pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na tangu hapo mkononi ni kwa wanawake. Kamba hufungwa kati ya vijiti, na kila kamba ina vishada vidogo vya mwani vinavyokua ndani ya maji, bamvu likija wanashuka kuvuna na kupanda tena. Zile punje za mchele ulizoziona zilikuwa zinafanya kazi ya kulipa ada za shule. Waambie watoto wasiruke kamba wala wasing'oe kijiti. Mama mkwe akitaka, asogee awape salamu. Mtu aliyetoka kwenye maji ya ziwa na dagaa hatakosa la kuzungumza nao, na namwonea wivu kwa mazungumzo hayo.

Hatari zipo, nazo ni tatu tu kubwa. Ya kwanza mwanao keshakutana nayo: miiba. Hakuna kushuka kwenye kupwa miguu mitupu. Nunua yeboyebo za kufunga nyuma kwa kila mtu, bibi akiwemo, zile za bei rahisi za sokoni zinatosha. Kandambili zinabaki topeni. Mwiba ukiingia, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, unaoonekana utoe kwa kibano, uliokatikia ndani usiuchokonoe kwa sindano. Kijijini watakupakia utomvu wa papai bichi, na wengi wetu tumekua hivyo. Mguu ukivimba na kupata joto, zahanati.

Ya pili ni jua. Juu ya mchanga ule mweupe linakupiga mara mbili, kutoka juu na kutoka chini, na ngozi nyeusi nayo huungua. Fulana ya mikono mirefu kwa watoto, na kati ya saa sita na saa tisa wasikae humo moja kwa moja. Maji ya kunywa mnunue, visima vingi vya pwani vina chumvichumvi.

Ya tatu ndiyo inayoua watu. Maji yakirudi hayaji mbele yako tu kama unavyodhani. Yanaanza kujaza mikondo ya chini, yanakuzunguka nyuma, nawe uko juu ya kifungu cha mchanga ukipiga picha, unageuka unakuta kati yako na nchi kavu kuna maji ya kifuani. Hakuna mlinzi wa waogeleaji pale. Kanuni tuliyopewa sisi ni nyepesi: kina mama wa mwani wakianza kufunga magunia, na wewe geuka. Usimalize hata sentensi. Na mwanao mdogo maji yakijaa awe umbali wa mkono, si umbali wa macho, hata kama ni ya magotini.

Sasa mama. Miaka 66 na anataka kuingia baharini, Mungu amzidishie. Sisi Waunguja tunasema mavyaa, na mavyaa wa namna hii ni bahati, mshike vizuri. Stara yake isikunyime usingizi. Jambiani ni kijiji kabla ya kuwa ufukwe. Kuna misikiti, kuna madrasa, watoto wanapita na kofia zao, na wanawake wa pale hawajui nguo za kuogelea, wanaingia na nguo zao walizovaa. Wageni wa kigeni utawaona, ila wakiwa kijijini wameambiwa wafunike mabega na magoti, na wengi wanasikia. Yeye ndiye atakayeonekana mwenyeji.

Ila dera hapana. Najua utataka kumwingiza na dera kwa sababu ndilo vazi la heshima. Dera majini linajaa hewa linapanda juu kama mwavuli, stara yenyewe inapotea, halafu likilowa linakuwa zito kama mfuko wa saruji na linashika miguu. Mvalishe suruali nyepesi ya kubana kifundoni, juu yake gauni la mikono mirefu linaloishia magotini, na ushungi wa kuvuta usiohitaji pini. Mavazi ya kuogelea ya stara yapo Kariakoo mkipita Dar, mkimpata saizi yake, lakini si lazima. Kanga mbili kavu zimsubiri pwani, moja ya kujitanda na moja ya kukalia. Mwingize asubuhi maji yanapokaribia kujaa, mshike mkono, aishie kiunoni, akae chini kabisa kama anakaa kwenye mkeka. Mawimbi madogo yatampiga mgongoni. Mwache apige kelele, asiambiwe "mama, watu wanaangalia".

Ukipiga simu kutafuta malazi, uliza mambo ambayo picha haisemi. Kutoka chumbani hadi mchangani kuna ngazi? Nyumba nyingi zimejengwa juu ya ukuta wa mawe, na magoti ya mama ni magoti ya mama. Kuna jiko au mtu wa kupika? Msinunue kila mlo hotelini. Mvuvi akirudi na ngalawa mnanunua changu au tasi hapohapo mchangani, mama wa jirani anawapikia kwa makubaliano, na jioni mkate wa kumimina na chai. Muziki unazimwa saa ngapi? Umeme ukikatika, feni inazunguka kwa nini? Mahali pa kwenda siku moja kama mvua ikinyesha ni msitu wa Jozani, uko njiani mkitoka mjini, na kima punju watawapita karibu kiasi cha kuwahesabu kope. Safari za kufukuzia pomboo Kizimkazi mimi sizipendi, boti kumi zinamzunguka mnyama mmoja, lakini hayo ni yangu.

Nimemwacha mume mwisho, kwa kuwa naye ndiye barua yenyewe.

Hakuikasirikia bahari. Alisimama mbele ya mama yake mzazi, aliyefunga, na mtoto analia, na pesa imelipwa, na hakujua la kufanya. Mwanamume aliyekulia kwenye maji asiyeelewa maji yamekwenda wapi: hiyo ndiyo iliyomuuma, akaitafutia mtu wa kuibeba, ukawa wewe. Namwelewa, lakini jina hilo likome. Usilikomeshe kwa ugomvi, wala usimwekee barua yangu mezani kama hati ya mahakama. Mwambie siku mkiwa wawili, bila watoto: "Lile jina likiwa letu sisi na wewe nacheka. Mbele ya kaka zako linaniondolea heshima, naomba uliache." Sema mara moja, nyamaza. Umetoa pesa yako ya mchezo kuwafurahisha mama yake na wanawe, na hilo analijua. Mkumbushe kwa kutosema.

Halafu mpe kazi. Ratiba ya maji iwe yake. Mwambie mama ndiye anayeshika tarehe za mwezi, wewe baba piga hesabu ya saa na utupangie siku. Watu wa maji wanapenda hesabu ya maji. Nakuhakikishia baada ya siku tatu atakuwa anawafundisha wafanyakazi wenzake bamvu ni nini, na yule rafiki wa Nungwi atapata somo lake. Na ikiwa bado roho yake iko Nungwi, mwaka mwingine mwende nyinyi wawili, watoto wabaki na bibi.

Basi iwe hivi: boti ileile ya asubuhi, mfike Jambiani saa tano ileile, ila iwe tarehe 10. Maji yatakuwa yamewatangulia. Mlale siku tatu. Tarehe 13, siku ya kuondoka, mama atakuwa ameanza funga yake, na maji yatakuwa yamepwa kwenye saa mbili hivi asubuhi. Akishaswali alfajiri asirudi kulala. Mwekee kiti mchangani, na mkeka wa watoto pembeni. Kuanzia hapo mpaka mkipakia mizigo saa sita atayaona yakirudi kama alivyotaka: kwanza uzi mweupe kule mbali unanenepa, kisha mikondo inaanza kung'aa katikati ya mashamba, kisha ngalawa zilizolala ubavu zinainuka moja moja. Mume wako usimwamshe wewe. Mwache aamshwe na mama yake.